Bruges kwa saa nne: jibu kwa dada anayeshukia Zeebrugge na mama yake

Msomaji wetu anayeishi Leicester, mzaliwa wa Mombasa, ameuliza hivi. Mwezi wa sita atapanda meli ya kitalii Southampton akiwa na watoto wake wawili, wa miaka 9 na 12, pamoja na mama yake mzazi wa miaka 71 anayekuja kutoka Kenya. Meli itafunga gati Zeebrugge, Ubelgiji, saa 2 asubuhi, na abiria wote wanatakiwa wawe wamerudi saa 10 na nusu jioni. Wapo wanaomwambia aende Bruges, wengine wanamwambia aunganishe na Brussels. Mama magoti yanamsumbua, familia inakula halali, na ziara zinazouzwa melini anaziona ghali. Anauliza: waende wenyewe? Na kwa muda huo waone nini?

Dada yangu, kwanza nipelekee shikamoo kwa mama. Jibu langu ni kwamba nendeni wenyewe, nendeni Bruges peke yake, na Brussels iacheni kwa safari nyingine. Kutoka bandarini hadi Brussels ni zaidi ya kilomita 100, na mkienda huko mtauona mji kupitia kioo cha basi. Bruges iko kilomita 15 hivi tu. Kazi yangu ni kutembeza wageni katika miji ya Flanders, yaani kaskazini mwa Ubelgiji, na nawaambia wote jambo moja: Bruges haimchoshi mtu kwa ukubwa wake, maana mji wa kale unaweza kuukata kwa miguu kwa nusu saa. Siku huharibika pale mnapofika kila mahali kwa saa ileile wanayofika wengine wote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu hili inahusu mwanzie wapi na mmalizie wapi.

Lakini kabla ya mji, viza. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo linaloachisha watu safari. Kama mama ana pasipoti ya Kenya, anahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama hatalala Ubelgiji usiku mmoja, na hata kama viza yake ya Uingereza ni halali. Wewe nawe, kama unaishi Uingereza kwa kibali tu na bado una pasipoti ya Kenya, unaihitaji vilevile. Maombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi ambayo meli itakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi mtakayoingia kwanza. Mama aombe angali Kenya, kwa kuwa kanuni inamtaka mtu aombe katika nchi anayoishi. Dirisha hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na hufungwa zikiwa zimebaki siku 15, na ada ya mtu mzima ni euro 90. Iangalie ratiba ya meli kwa makini: ikiwa katikati ya safari itagusa bandari ya Uingereza au kisiwa cha Guernsey kisha irudi tena Schengen, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Na viza yake ya Uingereza nayo iwe inamruhusu kurudi Southampton. Kampuni za meli hukagua haya siku ya kupanda, na asiyekuwa na karatasi zake huachwa gatini na mizigo yake.

Sasa hesabu ya saa. Ubelgiji iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Meli nyingi husogeza saa zake usiku wa kuamkia bandarini, lakini nyingine hubaki na saa za Uingereza, huku simu yako ikijibadilisha yenyewe mara tu inaposhika mtandao wa Ubelgiji. Soma karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani jioni, na familia nzima ifuate saa moja tu siku hiyo. Meli ikifunga saa 2, abiria huanza kushuka nusu saa baadaye au zaidi. Mkifika Bruges saa 4 asubuhi mtakuwa mmefanya vizuri. Kuondoka, isizidi saa 8 na nusu mchana, ingawa kwa hali ya mama mimi ningesema saa 8 kamili. Kwa hiyo mna saa nne, nne na nusu mkibahatika.

Zeebrugge ni bandari ya kazi, mojawapo ya bandari zinazopitisha magari mapya kwa wingi duniani, na abiria haruhusiwi kutembea kwa miguu ndani yake. Mtapanda basi la bandari hadi langoni. Kutoka hapo njia ni tatu. Ya kwanza ni basi linalouzwa na meli la kwenda na kurudi tu, bila mtembezaji. Watu wengi hawalijui kwa sababu wanaonyeshwa kwanza ziara za bei kubwa. Nenda mapokezi ya meli ukaliulize. Ya pili ni kufika mji jirani wa Blankenberge, ambako mara nyingi meli huweka basi la kupeleka na kurudisha, kisha mkapanda treni. Ni kama robo saa tu hadi stesheni ya Bruges. Ya tatu ni teksi. Mkiwa watu wanne inaweza kukaribiana bei na tiketi za basi la meli, ila elewaneni bei kabla hamjafunga mlango, na dereva asirudi zake bila kukubaliana atawachukua wapi na saa ngapi. Kwa ajili ya mama, mimi ningechagua hiyo ya kwanza. Meli huwasubiri waliotoka kwa mpango wake yenyewe. Waliotoka kivyao, ikifika saa yake, huwaacha.

Mabasi ya watalii hushusha watu kusini mwa mji, karibu na stesheni. Makundi yote huvuka daraja jekundu, yakapita ziwa la Minnewater, yakaingia Begijnhof, makao ya kale ya wanawake wa ibada, yakafuata barabara ileile hadi kanisa la Onze-Lieve-Vrouw, hadi kwenye mashua, hadi uwanja wa Markt. Kuanzia saa 4 na nusu hadi saa 7 mchana njia hiyo hujaa mpaka mtoto unamshika mkono kwa nguvu. Wenyeji wamelilalamikia jambo hili kwa miaka, na mwaka 2019 meya wa Bruges alitangaza kwamba meli za kitalii zisizidi mbili kwa wakati mmoja. Ninyi anzieni pale wenzenu wanapomalizia. Pandeni basi la mjini au teksi kutoka stesheni hadi katikati, muanze kaskazini, kisha mteremke kusini polepole. Mtapishana na umati badala ya kusukumana nao, na kila hatua atakayopiga mama itakuwa inamsogeza karibu na usafiri wa kurudi. Kwa mtu mwenye magoti mabovu hiyo ni faida kubwa: akichoka saa 7, amechokea karibu na basi.

Mahali pa kuanzia ni uwanja mdogo uitwao Jan van Eyckplein, dakika tano kwa mguu kutoka Markt. Asubuhi una utulivu. Mketisheni mama hapo, muutazame mfereji unaonyooka kuelekea kaskazini mashariki, halafu waeleze watoto kwamba hii ilikuwa bandari. Mwaka 1134 dhoruba kali ilipasua pwani ya Flanders na kufungua mkono wa bahari uitwao Zwin. Bruges, iliyokuwa mbali na pwani, ikapata njia ya maji. Meli kubwa zilitia nanga huko nje, kwenye miji midogo kama Damme, na mashua za kina kifupi zikaleta bidhaa mpaka hapa mlipokaa: sufu ya Uingereza, mvinyo wa Ufaransa, manyoya ya Urusi, viungo vilivyopitia mikononi mwa Waitaliano. Jengo la mawe mtakaloliona pembeni, Tolhuis, lilikuwa nyumba ya ushuru, na sura yake ya mbele ni ya mwaka 1477. Wafanyabiashara wa Genoa, wa Florence, wa Hispania na wa miji ya Ujerumani walikuwa na nyumba zao katika mitaa hii. Mtu wa Mombasa haambiwi zaidi. Anajua mji wa bandari unavyokuwa, watu wa mataifa kumi na lugha zao, na hesabu zote zinaishia forodhani.

Kisha maji yakawakimbia. Mchanga na tope vilijaza Zwin kidogo kidogo, mpaka mwishoni mwa karne ya 15 meli zikawa hazifiki tena. Siasa nayo ikaongeza msumari. Mwaka 1488 watu wa Bruges walimkamata mtawala wao, Maximilian wa Austria, wakamfungia katika nyumba iliyokuwa Markt, na wakamkata kichwa mtumishi wake mkuu, Pieter Lanchals. Maximilian alipotoka akawaamuru wafanyabiashara wa kigeni wahamie Antwerp, na utajiri ukahama nao. Bruges ikalala kwa karne tatu. Katika karne ya 19 ilikuwa mojawapo ya miji maskini ya Ubelgiji, na umaskini huo ndio uliouhifadhi, maana hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa nyumba za zamani ajenge mpya. Baadaye Waingereza waliokuwa wakienda kuutazama uwanja wa vita wa Waterloo wakaanza kupita hapa na kuustaajabia. Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka uleule ulioingizwa Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Mkiwa na habari hiyo kichwani, mengine yote mtayaona kwa jicho tofauti. Tembeeni polepole kurudi Markt. Upande wa mashariki wa uwanja huo kuna jengo kubwa lenye minara midogo midogo, Provinciaal Hof, na watu hulipiga picha wakidhani ni la kale sana. Ni la karne ya 19. Lililokuwapo pale zamani ndilo la ajabu: Waterhalle, ghala kubwa lililojengwa juu ya mfereji wenyewe, mashua zikaingia chini ya paa katikati ya mji na kupakua mizigo bila kulowa mvua. Lilibomolewa mwaka 1787. Maji yake bado yanapita chini ya ardhi hapo mnapokanyaga.

Mnara wa kengele, Belfort, una urefu wa mita 83 na ngazi 366 nyembamba za kuzunguka. Mama asijaribu, na hata watoto nisingewapandisha kwa siku hii, kwa sababu foleni na kupanda na kushuka vitakula saa nzima, robo ya siku yenu. Usikilizeni mnara mkiwa chini. Una kengele 47, na kila robo saa hutoa sauti fupi ya muziki.

Kutoka Markt pitieni kichochoro cha Breidelstraat mpaka uwanja wa Burg. Ukumbi wa mji, Stadhuis, ulianza kujengwa mwaka 1376, na unafaa kutazamwa kwa nje kwa dakika kumi. Mkabala nao, penye miti, palikuwa na kanisa kuu la Mtakatifu Donatian alimozikwa mchoraji Jan van Eyck, aliyefia Bruges mwaka 1441. Utawala wa Wafaransa ulilibomoa mwishoni mwa karne ya 18, na kaburi lake halipo tena. Piteni chini ya tao la Blinde Ezelstraat, mtatokea kwenye maji na soko la samaki, Vismarkt, lililojengwa mwaka 1821 kwa nguzo za mawe. Asubuhi za kati ya wiki bado samaki huuzwa hapo. Hatua chache mbele ni Rozenhoedkaai, kona ya mfereji inayopigwa picha kuliko zote. Pigeni yenu mwende zenu, maana hapo hapakaliki.

Sasa mashua. Kama kuna fedha ya kitu kimoja tu siku hiyo, iwe hii. Vituo vya mashua viko karibu na Rozenhoedkaai na kando ya barabara ya Dijver, safari zote ni za nusu saa na njia ni ileile, kwa hiyo msihangaike kuchagua kampuni; chagueni foleni fupi. Jitayarisheni kwa kama euro 15 kwa mtu mzima, na bebeni fedha taslimu. Kabla ya saa 5 asubuhi mtasubiri dakika chache. Saa 7 mchana mnaweza kusimama muda mrefu kuliko safari yenyewe. Mama atashuka ngazi mbili tatu za mawe hadi kwenye mashua, na nahodha humpa mkono mtu mzima bila kuombwa. Mwambieni mapema tu kwamba magoti yanauma, akae pembeni karibu na pa kupandia. Mashua haina paa, kwa hiyo chukueni koti jepesi la mvua hata kama kumekucha jua. Naithamini safari hii kwa mama hasa kwa sababu inampeleka bila kutembea mpaka zile pembe za kaskazini na kusini ambazo mguu ungemkatalia, na kwa sababu nyumba za Bruges zilielekezwa kwenye maji. Ukiwa mtaani unaona milango. Ukiwa mferejini unaona bustani, vibaraza, na madirisha ya maghala yaliyokuwa yakipokea mizigo.

Mkitoka mashuani, fuateni Dijver kuelekea kusini. Mtapita jumba la Groeningemuseum, lenye mchoro wa van Eyck wa mwaka 1436 unaomwonyesha kasisi van der Paele mbele ya Bikira Maria. Ningekuwa peke yangu na wewe ningekuingiza, lakini kwa watoto na saa nne zenu, chagueni jumba moja tu la makumbusho, na lisiwe hilo. Kila jumba lina siku yake ya kufunga, kwa hiyo tazameni tovuti ya makumbusho ya mji kabla ya safari. Mbele kidogo mtavuka daraja dogo la mawe, Bonifaciusbrug, ambalo kila mgeni hulidhania la zama za kati. Lilijengwa karibu na mwaka 1910. Si kosa kulipenda. Wenyeji wa wakati ule walijenga kwa makusudi kilichofanana na mji wao.

Hapo mna chaguo, na vyote viwili vinatazamana katika barabara ya Mariastraat. Upande mmoja ni kanisa la Onze-Lieve-Vrouw, lenye mnara wa matofali wa zaidi ya mita 110. Ndani yake kuna sanamu ya marumaru ya Bikira Maria na mtoto, kazi ya Michelangelo ya mwanzo wa karne ya 16. Familia ya Mouscron, wauza nguo matajiri wa Bruges, waliinunua na kuileta hapa, na ni nadra kupata kazi yake iliyotoka Italia angali hai. Majeshi ya Ufaransa yaliichukua mwaka 1794, ikarudi baada ya Napoleon kuanguka. Mwaka 1944 Wajerumani waliokuwa wakikimbia waliifunika kwa magodoro wakaitorosha, na mwaka uliofuata ikapatikana ndani ya mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria. Kuingia kanisani ni bure. Upande wa sanamu hulipiwa.

Upande wa pili ni Sint-Janshospitaal, hospitali iliyoanza karne ya 12 na kuhudumia wagonjwa kwa miaka mia nyingi. Kwa familia yenu mimi ningechagua hii. Ndani kuna nafasi, kuna baridi nzuri wakati wa joto, na hadithi yake haihitaji mtu awe mjuzi wa sanaa. Upo mchoro wa mwaka 1778, wa Jan Beerblock, unaoonyesha wodi ilivyokuwa: vitanda kama makabati ya mbao vimepangwa safu, watawa wanagawa chakula, mgonjwa anabebwa, mtu mwingine anapiga deki. Watoto wataucheza kwa kutafuta nani anafanya nini. Katika jumba hilohilo kuna kazi za Hans Memling, Mjerumani aliyehamia Bruges na kufia hapo mwaka 1494. Mojawapo ni sanduku la Mtakatifu Ursula la mwaka 1489, lenye umbo la nyumba ndogo, na pande zake zimechorwa meli, bandari na watu wakishuka gatini. Ingekuwa mimi, ningewaambia watoto wazihesabu hizo meli.

Tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo familia nyingi za Kiislamu hujikwaa bila kujua. Chipsi za Ubelgiji, zile tamu zinazouzwa chini ya mnara wa Markt, kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Ulizeni kama wanatumia mafuta ya mimea. Wapo wanaotumia, na muuzaji huwa anaelewa kwa nini unauliza. Mchuzi wa nyama wa Flanders, stoofvlees, hupikwa kwa bia. Chokoleti nyingine huwa na pombe ndani, kwa hiyo mwombeni muuzaji awachagulie zisizo nayo, tena hawachoki kufanya hivyo. Samaki na kamba wadogo wa kijivu wa Bahari ya Kaskazini ni salama zaidi, alimradi mchuzi hauna mvinyo. Kwa siku fupi hivi mimi ningefunga chakula kutoka melini pale kampuni inaporuhusu vikavu kama mikate na biskuti, au nikanunua mkate, jibini na matunda katika duka la kawaida, na tukala kwenye benchi. Meza ya mgahawa hula saa moja na nusu. Watoto wapewe wafel, ile keki ya moto yenye vishimo, ya sukari tupu bila kuirundikia vitu. Na wekeni sarafu mfukoni, kwani vyoo vingi ni vya kulipia.

Saa 7 mchana umati utakuwa umejaa Markt kwa chakula, nanyi mtakuwa mnaelekea kusini. Piteni Walplein mpaka Wijngaardplein, mahali farasi wa magari ya watalii wanaponyweshwa maji kwenye bomba lenye umbo la kichwa cha farasi. Kama mama amechoka mapema, gari la farasi linapandwa Markt, na bei ni ya gari zima, haihesabiwi kwa kichwa. Vukeni daraja dogo, mwingie lango la Begijnhof. Palianzishwa mwaka 1245 na Margaret, mtawala wa Flanders, kwa ajili ya wanawake waliotaka maisha ya ibada bila kula kiapo cha utawa cha maisha. Walijitegemea kwa kazi za mikono yao, kufua sufu na kufuma, na mwanamke aliweza kuondoka akitaka. Tangu mwaka 1927 wanaishi humo watawa wa Kibenedikto. Nyumba nyeupe zinazunguka uwanja wa nyasi na miti mirefu, na watu wanaombwa wanyamaze. Kuingia ni bure. Hapa ndipo ningempa mama nusu saa nzima.

Nje ya lango la pili ni Minnewater na batamaji weupe wenye shingo ndefu. Watoto waambieni kisa chake hapo. Lanchals, yule mtumishi aliyekatwa kichwa mwaka 1488, jina lake lilisikika kama la mwenye shingo ndefu, na wenyeji husimulia kwamba Maximilian aliwaadhibu kwa kuwaamuru wafuge batamaji milele. Ni ngano, lakini mji unawatunza kweli. Kutoka hapo mpaka stesheni au kituo cha mabasi ni kama dakika kumi kwa mwendo wa kawaida. Kwa mwendo wa mama wekeni ishirini. Barabara za Bruges zimetandikwa mawe, mengine yamenyanyuka, kwa hiyo viatu viwe vya bapa na soli nene, na mkongojo usiachwe melini kwa kuona haya.

Mkirudi kwa njia ya Blankenberge na mkabakiwa na dakika ishirini, kuna kitu kimoja ambacho nawaonyesha wageni wanaosema Kiswahili. Kwenye barabara ya ufukweni kuna mnara wa ukumbusho wa mwaka 1900, kazi ya mchongaji Guillaume Charlier, wa wanajeshi wawili wa Kibelgiji, Lippens na De Bruyne. Waliuawa Kasongo, Kongo, mwishoni mwa mwaka 1892, katika vita kati ya dola ya Mfalme Leopold wa Pili na Sefu, mwana wa Tippu Tip wa Zanzibar. De Bruyne alikuwa mtoto wa Blankenberge. Inasimuliwa kwamba alipata nafasi ya kutoroka kwa kuvuka mto Lomami, akakataa kumwacha mwenzake. Ushujaa huo sina haja ya kuupinga. Lakini pande zote mbili zilikuwa zinagombania pembe za ndovu na watu wa Manyema, na watu hao, waliokufa kwa maelfu, hawamo kwenye mnara. Kasongo hadi leo wanasema Kiswahili. Leopold huyohuyo ndiye aliyekuja kuzindua bandari ya Zeebrugge mwaka 1907, Kongo ikiwa bado mali yake binafsi, mwaka mmoja kabla haijakabidhiwa kwa serikali ya Ubelgiji. Mtoto wa miaka 12 analielewa hilo akielezwa, na haliwezi kuelezwa vizuri zaidi kuliko mkiwa mmesimama pale.

La mwisho ni tahadhari. Kabla ya kushuka, piga picha ya karatasi ya ratiba inayoonyesha namba ya simu ya wakala wa meli bandarini, na picha za kurasa za pasipoti zote na viza ya mama. Dawa za mama za siku mbili ziwe kwenye mkoba anaoushika mwenyewe. Mkichelewa, mpigieni wakala mara moja mkiwa bado Bruges, msingoje mfike langoni, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama meli bado iko gatini na basi la bandari la mwisho linaondoka saa ngapi.